Habari za Neno "Check"

  Fungueni madaftari, tuanze.

Leo tutatazama neno moja la Kiingereza ambalo bila shaka umekwisha kulisikia: "check". Karani hulitumia akitaka kukagua hesabu. Mtu wa benki hulitumia kwa maana ya hundi. Wamarekani huiandika hundi "check", na Waingereza huiandika "cheque". Mwuza nguo hulitumia kwa kitambaa cha miraba. Tena neno hilo lina maana ya kuzuia jambo lisiendelee. Utauliza: Neno moja lilipataje kazi nne? Tutalijibu swali hilo kwa kuanza na neno ambalo ni letu.

Katika Kiswahili tunalo neno "shaha". Shaha ni mfalme katika mchezo wa sataranji, na washairi nao humwita hivyo bingwa wao. Asili yake ni Uajemi, na huko maana yake ni mfalme. Sasa sikiliza vizuri: "shaha" na "check" ni ndugu wa tumbo moja. Mmoja alikuja pwani yetu kwa bahari, na mwenziwe akafika Uingereza kwa njia nyingine.

Mchezo wa sataranji ulianza Bara Hindi, ukaingia Uajemi yapata miaka 1,400 iliyopita. Waarabu wakaupokea kwa Waajemi, wakaufikisha Ulaya. Mchezaji alipomtishia mfalme wa mwenziwe, alimwonya kwa kutamka "shah!", yaani, "Mwangalie mfalme wako!" Wafaransa wa zamani walilitamka neno hilo "eschec", na Waingereza wakalipokea kwao, likawa "check".

Fikiri basi. Mchezaji aliyeonywa hivyo hawezi kucheza apendavyo. Amezuiwa mpaka amwokoe mfalme wake. Hapo ndipo ilipotoka maana ya kuzuia. Na mwenye kuzuia jambo lisiharibike hana budi kulisimamia, na mwenye kusimamia hana budi kukagua. Hivyo maana moja ilizaa nyingine.

Je, kitambaa cha miraba? Jibu lake ni ubao wa sataranji, ambao una miraba. Na ubao huo ulitupeleka mpaka katika hazina ya serikali. Katika enzi ya Henry wa Kwanza, aliyetawala Uingereza tangu mwaka 1100 hata 1135, hesabu za kodi zilifanywa juu ya meza kubwa, urefu wake futi 10 na upana futi 5. Meza ilitandikwa kitambaa chenye mistari kama ubao wa sataranji, na kwa hiyo baraza la hesabu likaitwa "Exchequer".

Mara mbili kwa mwaka, wakusanyaji wa kodi kutoka wilayani walikuja mezani hapo. Wengi wao hawakujua kusoma. Makarani walipanga vipande vya kuhesabia katika safu: safu ya peni, safu ya shilingi, safu ya pauni. Peni 12 zilikuwa shilingi moja, na shilingi 20 pauni moja. Kila mtu aliona kwa macho yake kiasi kilichotakiwa na kiasi kilicholetwa.

Mtu akilipa, alipewa stakabadhi ya kijiti. Kijiti kilikatwa mapengo ya kuonyesha kiasi cha fedha, kisha kikapasuliwa kwa urefu. Nusu moja alichukua mlipaji, ya pili ikabaki hazina. Siku ya ukaguzi nusu hizo ziliunganishwa, na mapengo sharti yalingane. Aliyeongeza pengo kwa hila aliumbuka papo hapo. Vijiti hivyo vilitumika mamia ya miaka, mpaka 1826. Tarehe 16 Oktoba 1834 vilikuwa vikichomwa katika matanuru chini ya jengo la Bunge, London. Moto ukazidi, na sehemu kubwa ya jengo ikateketea.

Na hundi? Katika karne ya 18 mabenki ya Uingereza yalitoa karatasi za fedha zenye kipande cha kubaki benki. Kipande hicho kiliitwa "check", kwa maana kilisaidia kukagua kama karatasi ni ya kweli au ya kughushi. Baadaye jina lile likahamia kwenye karatasi yenyewe. Sisi tunaiita "hundi", neno lililotoka Bara Hindi pamoja na biashara.

Sasa, mzee wangu, mama yangu, habari hizi zinakuhusu nini? Yule mkusanyaji wa kodi asiyejua kusoma hakuwa mjinga. Alilindwa na meza aliyoweza kuitazama na kijiti alichoweza kukipapasa kwa kidole. Siku hizi hesabu imo katika maandishi. Mkulima apelekaye pamba yake mzanini, akapewa risiti asiyoweza kuisoma, amepewa nusu ya kijiti, lakini mapengo hayaoni. Akiambiwa kilo 40 badala ya 60, atashukuru na kwenda zake. Siku atakapoisoma risiti hiyo mwenyewe, atasimama mbele ya mzani na kusema, "Ndugu karani, hebu tuikague tena." Siku hiyo ndiye atakayetamka "shah!"

Maswali ya kuzungumza darasani:
1. Neno "shaha" linahusianaje na hundi?
2. Kwa nini kijiti kilipasuliwa nusu mbili?
3. Leteni risiti moja kila mtu. Someni tarehe, kiasi na jumla, kisha mkague kama hesabu ni sawa.

Kwaherini mpaka somo lijalo.