Bingwa wa Mvua

Siku ya jua, barabara ikiwa kavu na mbele kweupe, si rahisi kumtenga dereva hodari na dereva wa kawaida. Mvua inyeshapo ndipo watu hao wawili hujulikana. Tairi huteleza, macho hufunikwa na maji, na mwenye papara hujikuta mtaroni. Katika historia ya mashindano ya motokaa yuko Mjerumani mmoja aliyepata sifa yake katika hali kama hiyo. Jina lake lilikuwa Rudolf Caracciola, na watu wa nchi yake walimwita Bingwa wa Mvua. Yafaa tuyatazame maisha yake, ushindi wake na upungufu wake pia, maana historia haikuandikwa ili kusifu tu.

Caracciola alizaliwa tarehe 30 Januari 1901 katika mji mdogo wa Remagen, kando ya mto Rhine, ambako wazazi wake walikuwa na hoteli. Jina lake lina asili ya Italia, kwa kuwa mababu zake walitoka huko zamani. Yeye hakuvutwa na kazi ya hoteli. Alikwenda Aachen kujifunza kazi katika kiwanda cha motokaa kilichoitwa Fafnir, na mwaka 1923 akawa muuzaji wa motokaa za Mercedes mjini Dresden. Kazi yake ilikuwa kuuza, lakini kila alipopata nafasi alishindana.

Tarehe 11 Julai 1926 yalifanyika mjini Berlin mashindano ya kwanza ya Grand Prix ya Ujerumani, katika barabara iitwayo AVUS. Caracciola alikuwa bado kijana muuzaji tu, naye aliwasihi wakuu wa kampuni hata wakamkubalia motokaa. Ishara ya kuanza ilipotolewa, injini yake ilizimika. Wenzake wakaondoka, naye akabaki pale huku fundi wake akiruka chini na kuisukuma motokaa kwa nguvu zake zote. Injini ilipowaka, wa mbele walikwisha kutangulia kwa zaidi ya dakika nzima.

Kisha mvua kubwa ikanyesha. Aliyekuwa akiongoza ni Adolf Rosenberger, dereva mwingine wa Mercedes. Motokaa yake iliteleza ikagonga kibanda cha watunza saa, na watu 3 wakafa. Wengine waliacha njia, wengine injini ziliharibika. Caracciola aliendelea pasipo haraka na pasipo kusita, bila kujua yu wa ngapi. Alipofika mwisho alistaajabu kuambiwa kwamba ndiye mshindi. Fedha alizotuzwa alizitumia kufungua duka la motokaa mjini Berlin, akamwoa mchumba wake Charlotte.

Toka siku hiyo sifa zake zilienea. Mwaka 1931 alikuwa mgeni wa kwanza kushinda mbio za Mille Miglia za Italia, ambazo zilikuwa mwendo wa maili 1,000 hivi katika barabara za kawaida, kupita mijini na milimani. Waitaliano walikuwa wamezihesabu mbio hizo kuwa mali yao.

Lakini hujafa hujaumbika. Mwezi wa Aprili 1933, alipokuwa akifanya mazoezi mjini Monaco, breki hazikushika sawasawa, akagonga ukuta wa mawe. Mfupa wa paja la kulia ulivunjika vibaya. Alilala miezi mingi, na hata alipopona mguu huo ulikuwa mfupi kuliko mwingine kwa sentimita 5 hivi. Kabla hajapata nguvu, Februari 1934, Charlotte alifunikwa na maporomoko ya theluji katika milima ya Uswisi akafa. Caracciola alijifungia nyumbani na kukataa kuonana na watu. Rafiki yake Louis Chiron, dereva wa Monaco, ndiye aliyemshawishi atoke, akaizunguke barabara ya Monaco mara moja tu, kwa heshima, kabla ya mashindano ya mwaka huo. Mguu ulimwuma sana, lakini aliporudi alikwisha kuamua kwamba atashindana tena.

Naye alitimiza. Mwaka 1935 akawa bingwa wa Ulaya. Mwaka 1936 alishinda Monaco kwenyewe, katika mvua, kwenye barabara ile ile iliyomvunja mguu miaka 3 kabla. Akawa bingwa wa Ulaya tena mwaka 1937 na 1938, na Grand Prix ya Ujerumani aliishinda mara 6 kwa jumla. Ama kweli, mvumilivu hula mbivu.

Hapa hatuna budi kusimama kidogo. Mwaka 1933, Hitler na chama chake cha Nazi walikuwa wameshika serikali ya Ujerumani. Watawala hao walitoa fedha za kusaidia viwanda viwili, Mercedes na Auto Union, ili motokaa zao za rangi ya fedha zishinde kila mahali, na ulimwengu uamini kwamba utawala wao ni bora. Kila alipopokea shada la maua, Caracciola aliwatumikia pia watu hao. Hakuwa mwanachama wa chama chao, na nyumba yake ilikuwa Uswisi. Hata hivyo alishika usukani wao, na mwaka 1938 jina lake lilitumika kumsifu Hitler.

Tarehe 28 Januari mwaka huo huo, asubuhi na mapema, aliendesha Mercedes katika barabara kuu baina ya Frankfurt na Darmstadt kwa mwendo wa zaidi ya kilomita 432 kwa saa. Hapakuwa na mtu aliyefikia mwendo huo katika barabara ya watu wote hata mwaka 2017. Baadaye asubuhi hiyo, upepo ulipokuwa umeanza kuvuma, mpinzani wake Bernd Rosemeyer wa Auto Union alijaribu kumshinda. Motokaa ilimponyoka, akatupwa nje akafa, naye alikuwa na umri wa miaka 28. Manazi wakayageuza mazishi yake kuwa sherehe yao.

Na yule Rosenberger, aliyeongoza katika mvua ya mwaka 1926, alipatwa na nini? Alikuwa Myahudi. Ustadi wake haukumwokoa. Mwaka 1935 alikamatwa akatiwa katika kambi ya wafungwa, na alipofunguliwa ilimpasa kuihama nchi yake. Akafia Marekani mwaka 1967. Watu wawili walishindana katika barabara moja, kwa motokaa za kampuni moja. Mmoja taifa lilimvika mataji, mwingine likamfukuza. Tofauti yao haikuwa katika mikono yao.

Baada ya vita Caracciola alijaribu tena. Mwaka 1946 aliumia kichwa vibaya katika mazoezi huko Indianapolis, Marekani, akalala siku kadhaa bila fahamu. Mwaka 1952 aligonga mti mjini Bern, safari hii akavunjika mguu wa kushoto, na huo ndio ukawa mwisho wa mashindano yake. Alirudia kazi yake ya ujana, kuwauzia watu motokaa za Mercedes. Akafariki tarehe 28 Septemba 1959.

Enyi vijana msomao, jifunzeni kwa mtu huyu namna ya kuinuka baada ya kuanguka, na namna ya kwenda kwa utulivu wengine wanapopoteza njia. Lakini jifunzeni na hili pia: haitoshi kujua kuendesha vizuri, sharti mtu aulize motokaa aliyopewa ni ya nani, na inampeleka wapi. Caracciola aliijua mvua ya mawinguni kuliko madereva wote wa zama zake. Ile iliyowanyeshea majirani zake aliipita kimya.