Tope lilipimwa, watu wakaendelea kula samaki

Kazi za gazetini zilinibana. Wiki iliyopita mhariri mmoja aliikata habari yangu ya maji machafu, eti ina namba nyingi mno. Nilinuna siku nzima, kisha nikakumbuka Minamata.

Minamata ni mji wa pwani katika kisiwa cha Kyushu, kusini mwa Japani. Kuanzia mwaka 1932 kiwanda cha Chisso kilitumia zebaki kutengeneza kemikali iitwayo asetaldehaidi, na maji taka yake yakamwagwa baharini. Miaka ya 1950 paka wakaanza kuyumba kama walevi na kufa. Ikafuata zamu ya binadamu: mikono ikatetemeka, macho yakafifia, ulimi ukawa mzito. Tarehe 1 Mei 1956 daktari wa hospitali ya kiwanda chenyewe, Hajime Hosokawa, aliripoti ugonjwa huo usiojulikana.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Kumamoto wakaenda kupima tope. Ndugu msomaji, hapa ndipo utamu ulipo. Maji ya bahari hupita, leo yapo kesho hayapo, lakini tope hutulia na kutunza kilichotupwa. Kwenye mdomo wa mfereji wa kiwanda walikuta zebaki sehemu 2,010 katika kila milioni. Nani anaielewa hiyo? Sema hivi: kilo mbili za zebaki katika kila tani ya tope. Na kadiri walivyosogea mbali na mfereji, kiwango kilishuka. Ni sawa na kufuata nyayo za mwizi hadi mlangoni kwake.

Huo ulikuwa mwaka 1959. Mwaka huohuo Hosokawa alimlisha paka maji taka ya kiwanda, paka akaugua vilevile. Kampuni ikaficha matokeo. Mwezi Desemba ikazindua mtambo wa kusafisha maji, na mkuu wake akanywa glasi mbele ya watu. Mtambo ule haukuwekwa kwa ajili ya kuondoa zebaki! Huku chama cha viwanda vya kemikali kikidai chanzo ni mabomu ya vita yaliyotupwa baharini, na profesa mmoja wa Tokyo akisema ni samaki waliooza.

Sisi waandishi tunapenda kusema "pande zote mbili zisikike". Sawa. Lakini ukiweka porojo ya mabomu sambamba na tope lililopimwa, msomaji anaona mabishano tu, anakwenda zake kununua samaki.

Uzalishaji ulisimama Mei 1968. Serikali ikakiri Septemba mwaka huo, miaka tisa baada ya tope kupimwa, na katika miaka hiyo watu waliendelea kuugua. Kati ya 1977 na 1990 tope lililozidi sehemu 25 katika milioni lilichotwa au kufukiwa, takriban mita za ujazo milioni 1.5.

Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki mwaka 2020. Huko Geita wapo wachimbaji wadogo wanaokamatisha dhahabu kwa zebaki, mikono mitupu.

Habari yangu nimeiandika upya na kuirudisha mezani kwa mhariri. Namba imebaki moja tu. Nasubiri.