Gari limezama kwenye mafuriko? Usiliwashe kwanza, bima inaweza kukugomea

Masika yakikolea Dar es Salaam, picha zinazosambaa kwenye simu ni zilezile. Jangwani barabara imefungwa, Mto Msimbazi umefurika, na magari yamesimama katikati ya maji huku wenyewe wakisubiri watu wa kusukuma. Maji yakishuka linabaki swali la hela. Nani analipa?

Jibu linaanzia kwenye aina ya bima uliyokata. Bima ndogo, ile ya lazima kisheria ambayo kwa gari dogo la binafsi imekuwa ikiuzwa shilingi 118,000 kwa mwaka, inamlinda mtu utakayemgonga au mali yake utakayoiharibu. Gari lako lenyewe halimo. Likiharibiwa na maji, hasara ni yako, hata kama ulikata bima jana yake.

Bima kubwa ndiyo yenye uwezekano wa kulipa. Uwezekano, siyo uhakika. Wengi wanaamini "kubwa" maana yake inabeba kila kitu, na hapo ndipo wanapoumia. Mikataba haifanani. Ipo inayoweka mafuriko ndani moja kwa moja, na ipo inayoyatenga pamoja na majanga mengine ya asili kama tetemeko la ardhi, mpaka mteja aongeze pesa kidogo. Karatasi ile moja unayopewa ukishalipa haielezi hayo. Yanaelezwa kwenye mkataba kamili, ambao wateja wengi hawajawahi hata kuuomba. Uombe, halafu mwambie wakala akuonyeshe kipengele chenyewe kilipoandikwa. "Usijali bosi, kila kitu kimo" siyo kipengele.

Wakati huohuo, hakiki kama bima yako ni halali. Mfumo wa TIRA MIS wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania unakuwezesha kuingiza namba ya gari na kuona kama bima imesajiliwa na inaisha lini. Kama ulimlipa wakala na gari halionekani, ni bora ulijue hilo leo kuliko siku gari liko kwenye maji.

Funguo inayogharimu mamilioni

Kosa linalofanywa zaidi ni kupiga stata. Maji yameshuka, dereva anaingia, anajaribu "kuona kama litawaka".

Injini inafanya kazi kwa kubana hewa na mafuta ndani ya silinda. Hewa inabanika, maji hayabaniki. Kama maji yameingia kupitia njia ya hewa, pistoni inapanda, inakutana nayo, na konrodi inapinda. Gari ambalo pengine lingehitaji kukaushwa na kumwagwa oili sasa linataka injini nyingine.

Kwa upande wa bima, hiyo ni habari tofauti kabisa. Mtathmini akifungua na kukuta konrodi imepinda, kampuni inaweza kudai kwamba mafuriko yalilowesha gari, lakini injini umeiua wewe. Hoja kama hiyo inasikika pia kwa dereva aliyeyaona maji yamejaa barabarani, magari mengine yamesimama, yeye akaamua kupita. Mkataba unakutaka uchukue tahadhari ya kawaida. Gari lililofuatwa na maji likiwa limeegeshwa nyumbani usiku lina kesi nyepesi zaidi kuliko lililoingizwa mtoni kwa kujiamini.

Kwa hiyo usiliwashe. Kama eneo ni salama, mwombe fundi atoe waya wa betri, kisha gari livutwe. Likiwa la automatiki, libebwe juu ya gari la kubebea, siyo kuburuzwa kwa kamba. Na kama ni haibridi, zile nyaya nene za rangi ya chungwa asiziguse mtu asiyezijua, umeme wake ni mkubwa.

Picha kwanza, fundi baadaye

Kabla ya kuliosha, piga picha. Namba ya gari ionekane, na mtaa pia. Kikubwa zaidi ni alama ya maji: yalifika kwenye tairi, kwenye siti au kwenye dashibodi? Kimo hicho ndicho kinachoamua mengi. Maji yakifunika dashibodi, kontrol boksi na nyaya zinaingia kwenye hesabu, na gharama za matengenezo zinaweza kukaribia bei ya gari.

Toa taarifa kwa kampuni siku hiyohiyo. Piga simu, lakini fuatisha na ujumbe wa maandishi, barua pepe au WhatsApp, ili ubaki na ushahidi wa saa na tarehe. Utajaza fomu ya madai na kuambatanisha leseni, kadi ya gari na bima. Ukitakiwa ripoti ya polisi, ifuatilie mapema. Taarifa za mvua za Mamlaka ya Hali ya Hewa nazo zinasaidia pale kampuni inapohoji kama siku ile kweli mvua ilinyesha.

Hapa kuna mtego. Mkataba unakutaka uzuie uharibifu usiongezeke, kwa hiyo kufungua milango, kutoa mazulia na kukausha siti ni sawa. Kufungua injini kabla mtathmini hajafika ni jambo lingine, maana unaondoa ushahidi wako mwenyewe. Fundi wa mtaani akisema "tuanze tu", mwambie asubiri, na uiulize kampuni kwa maandishi.

Uliandikisha gari kwa bei gani?

Tuseme gari lako sokoni lina thamani ya shilingi milioni 20, ila ili kupunguza ada uliliandikisha milioni 12. Kwa kiwango cha asilimia 3.5, umeokoa shilingi 280,000, kabla ya kodi. Mafuriko yakaleta matengenezo ya milioni 5. Baadhi ya mikataba inaruhusu kampuni kulipa kwa uwiano, yaani 12 kwa 20, na hapo unapata milioni 3. Bado hawajakata eksesi, kile kiasi ambacho mteja anabeba mwenyewe kwenye kila dai. Ile 280,000 imezaa deni la zaidi ya milioni 2.

Kinyume chake nacho hakilipi. Ukiandikisha milioni 30 gari la milioni 20, likihesabiwa limekufa kabisa kwa kawaida utalipwa bei ya soko ya siku ile. Mabaki yanachukuliwa na kampuni au yanakatwa kwenye malipo, na kama gari lina mkopo, benki inaanza kuchukua chake.

Wenye magari ya taxi mtandao wawe makini zaidi. Gari lililokatiwa bima ya matumizi binafsi kisha likabeba abiria kwa malipo linaweza kunyimwa fidia, hata kama maji yalilikuta limeegeshwa. Tofauti ya ada ipo na inauma, lakini kuna familia zinakula kutokana na gari hilo moja.

Wakikukatalia

Omba sababu kwa maandishi, zikitaja kipengele cha mkataba. Ukipewa hati ya kukubali malipo, soma kabla ya kusaini, kwa sababu kwa kawaida inasema umemalizana na kampuni na hutadai tena. Kama kiasi hakikuridhishi, andika malalamiko kwa kampuni kwanza. Yasipojibiwa au jibu lisipokuridhisha, yapeleke TIRA au kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, ofisi iliyoanzishwa chini ya Sheria ya Bima ya mwaka 2009. Nenda na picha zako, mkataba, na ule ujumbe wa siku ya kwanza.