Kolajeni, posho na nyama ya nguruwe: historia inayopikwa kila siku Kolwezi



Kila mara tukizungumza juu ya ufugaji wa nguruwe hapa Lualaba, swali moja linarudi. Juu ya nini nyama moja ni laini, ingine inatafunwa kama mpira, na ingine inatoa maji mengi mpaka inabaki nusu ndani ya sufuria? Wengi wanajibu: muuzaji ni mwizi. Ao: hii nguruwe ni ya kienyeji. Mimi nilisoma agronomi, na ninaona jibu liko mbali zaidi. Liko ndani ya kemia, na hiyo kemia ina historia inayotugusa sisi watoto wa shaba.

Tuanze na posho

Union Minière du Haut-Katanga ilianzishwa mwaka wa 1906. Miaka ya kwanza watu walikufa wengi makambini. Kuelekea mwisho wa miaka ya 1920, kampani iliamua kuwashika wafanyakazi kwa muda mrefu, pamoja na wake na watoto wao, na chakula kikawa jambo la kupimwa: unga, maharagwe, mafuta, chumvi, nyama ao samaki. Daktari Léopold Mottoulle alikuwa mmoja wa wakubwa wa siasa hiyo. Mawazo yalikuwa wazi: mwenye njaa hachimbi shaba.

Lakini nyama ilitoka wapi? Sehemu nyingi za Katanga zina mbung'o, na mbung'o wanaua ng'ombe. Wengi walinunuliwa Rhodesia ya Kaskazini, inayoitwa leo Zambia, na kampani kama Elakat zikafuga kwenye nyanda za juu za Biano. Kolwezi, mji uliozaliwa na kampani hiyo hiyo mwisho wa miaka ya 1930, ukakua na desturi moja: nyama inatoka kwa kampani. Gécamines iliendeleza posho. Miaka ya 1990 Gécamines ikaanguka, na kuanzia 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondoka katika mpango ulioitwa "départs volontaires". Familia nyingi zikageukia shamba, kuku, mbuzi, na nguruwe nyuma ya nyumba.

Basi kazi iliyokuwa ya kampani, kujua nyama, imekuja mikononi mwetu. Tunaijua?

Supu ya maskini wa Paris

Mwaka wa 1679 Mfaransa Denis Papin alitengeneza sufuria iliyofungwa kabisa, mvuke ukibanwa ndani. Aliweka mifupa, ikatoa ute unaoganda ukipoa. Hiyo njo gelatini. Zaidi ya miaka 100 baadaye, mtaalamu Darcet alitumia wazo hilo Paris: kuchemsha mifupa ili kulisha wagonjwa na maskini kwa bei ndogo. Wakubwa walifurahi sana. Lakini tume ya François Magendie ilijaribu kwa mbwa, na mwaka wa 1841 ikatoa ripoti: mnyama anayelishwa gelatini peke yake anakonda na kufa.

Juu ya nini? Jibu lilikuja polepole. Protini inajengwa na vipande vidogo vinavyoitwa asidi amino. Gelatini haina kabisa kimoja chenye mwili unahitaji: triptofani. Sasa sikilizeni vizuri: mahindi pia yana triptofani kidogo sana. Mtoto anayepewa bukari na mchuzi wa mifupa, wakati vipande vya nyama vinaenda kwa wakubwa, anakula vitu viwili vyenye upungufu ule ule. Mchuzi unaganda vizuri, unaonekana una nguvu, lakini haumjengi. Kipande kidogo cha nyama yenyewe, yai, ao maharagwe ndani ya sahani yake vinabadilisha hesabu.

Kamba tatu

Gelatini inatoka kwa kolajeni. Kolajeni njo protini ya kano, ya ngozi, na ya utando mweupe mwembamba unaofunga nyuzi za nyama. Mwaka wa 1902 Mjerumani Emil Fischer alipata ndani ya gelatini asidi amino ya pekee, hidroksiprolini. Mpaka leo labo inapima hiyo ili kujua kiasi cha kolajeni ndani ya nyama. Mwili hauwezi kuitengeneza vizuri bila vitamini C. Ndiyo sababu mwenye kiseyeye anatoka damu kwenye ufizi. Mwaka wa 1954, huko Madras nchini India, G. N. Ramachandran na Gopinath Kartha walionyesha umbo lake: nyuzi tatu zilizosokotwa pamoja kama kamba.

Kamba hizo zinashikana kwa vifungo. Nguruwe akiwa kijana, vifungo ni vichache na moto unavifungua upesi. Akizeeka, vifungo vinakuwa imara. Mjapani Fujimoto alieleza kimoja cha aina hiyo mwaka wa 1977. Kwa hiyo nguruwe mzee si lazima awe na kolajeni nyingi kuliko kijana: kamba zake zimefungwa zaidi. Mashamba makubwa yanachinja karibu na miezi 6. Sisi mara nyingi tunachinja jike aliyezaa mara nyingi, kiisha tunashangaa.

Na moto? Karibu na digrii 60 hadi 65 kolajeni inajikunja, inakamua maji, nyama inakauka. Ukiacha hapo, umepoteza. Ukiendelea polepole ndani ya maji, juu ya digrii 70 hadi 80, kwa masaa, kamba zinayeyuka kuwa gelatini na nyama inalegea. Mguu na shingo vinataka hivyo. Nyama ya mgongoni ina kolajeni kidogo, inaweza kuchomwa bila kukawia, lakini iive mpaka ndani, juu ya minyoo.

Tena, Kolwezi iko karibu na metre 1,440 juu ya bahari. Maji yetu yanachemka kwenye digrii 95 hivi, si 100. Kwa hiyo jike mzee anakula makala mengi zaidi, na makala ni pori letu. Sufuria ya Papin si anasa hapa kwetu.

Somo kutoka Piétrain

Lakini ugumu wa kolajeni hauelezi ile nyama ya maji. Miaka ya 1950, Ludvigsen wa Denmark alieleza nguruwe ambao nyama yao ilikuwa nyeupe, laini vibaya, inavuja. Mnyama mwenye woga ao uchovu anachoma sukari ya misuli haraka, asidi inapanda wakati mwili ungali moto, na protini zinaachia maji. Aina ya Piétrain, iliyopewa jina la kijiji cha Ubelgiji, ilipendwa sana kwa mapaja yake manene, lakini wengi wao walibeba udhaifu huo. Mwaka wa 1991 watafiti wa Toronto walipata chanzo: herufi moja tu iliyobadilika ndani ya jeni. Wabelgiji wa Liège walikuwa wameshaanza kuzalisha Piétrain bila kasoro hiyo.

Kuna upande mwingine pia. Nguruwe aliyeteswa muda mrefu, mwenye njaa, anafika bila sukari ndani ya misuli. Asidi haipandi, nyama inakuwa nyeusi, inanata, inaoza upesi.

Sasa fikirieni nguruwe aliyefungwa miguu, kichwa chini, nyuma ya pikipiki saa sita mchana. Hakuna "race" itakayomwokoa. Na anayeuza haraka juu homa ya nguruwe imeingia kijijini anaharibu mara mbili: nyama ni mbaya, na anasambaza ugonjwa kwa jirani. Homa hiyo haipiti kwa watu, lakini inamaliza zizi zima.

Kwa hiyo, wenzangu wanaotaka kuanzisha mradi: kabla ya kuomba pesa ya kununua nguruwe wa kizungu, hesabuni kwanza kivuli, maji, usiku mmoja wa kupumzika kabla ya kuchinja, na umri. Vitu hivyo havigharimu sana. Babu zetu walipewa nyama iliyopimwa kwa kilo tu. Sisi tuna nafasi ya kuuza nyama iliyoeleweka, na kumwambia mama anayenunua: hii ni ya kuchoma, hii ni ya kuchemsha, na mtoto naye apate kipande chake.