Homa Niliyouliza na Homa Niliyojibiwa: Kupima Maarifa ya Watu kuhusu Malaria

Kwa ajili ya somo la mbinu za utafiti nilizunguka Old Kampala nikiwa na dodoso fupi kuhusu malaria. Katika nyumba ya tatu, chini kidogo ya msikiti mkuu, nilimkuta hajati mmoja wa umri wa bibi yangu akichambua maharage. Nilimuuliza kwa Kiswahili homa huletwa na nini. Akajibu: mvua, maembe, na mahindi mabichi. Nikaweka alama kwenye kisanduku cha "hajui", nikaaga.

Alama hiyo ndiyo iliyonipeleka maktabani, kwa maana visanduku vya namna hiyo vina historia ndefu katika Afrika Mashariki. Richard Burton, aliyesafiri kutoka Zeila hadi Harar mwaka 1854 na 1855, aliandika katika kitabu chake cha 1856 kwamba watu wa huko walisema kuumwa na mbu huleta homa za kuua. Aliuita huo ushirikina. Kwa maoni yake, mbu na homa huzidi katika majira yale yale, basi watu wameviunganisha tu.

Agosti 1897 Ronald Ross aliona vimelea vya malaria ndani ya mbu huko Secunderabad, India. Mwaka uliofuata Robert Koch, akitoka Afrika Mashariki ya Kijerumani, alieleza kwamba watu wa milima ya Usambara, ambao hushuka tambarare na kurudi wagonjwa, huuita ugonjwa huo kwa jina la mdudu mwenyewe: mbu. Koch hakuwadharau. Sidhani kwamba Wasambaa walijua zaidi ya Wasomali. Ila kufikia 1898 daktari naye alikuwa ameanza kuliamini jibu.

Hapa kwetu, Lugard alijenga ngome juu ya kilima hiki mwishoni mwa 1890, akiwa na wapagazi waliosema Kiswahili. Wakoloni waliofuata walipima damu, bandama za watoto na madimbwi. Profesa W. J. Simpson, aliyetumwa kukagua hali ya afya katika Afrika Mashariki ya Kiingereza, Uganda na Zanzibar, alipendekeza katika ripoti yake ya 1914 kwamba makazi ya Wazungu yatenganishwe na ya Waasia na Waafrika kwa ukanda wa ardhi tupu, na malaria ilikuwa miongoni mwa sababu. Katika hesabu ya namna hiyo Mwafrika ni mbeba vimelea. Anachokijua yeye hakina nafasi.

Siku hizi watu huulizwa. Uganda imefanya tafiti za kitaifa za malaria mwaka 2009, 2014–15 na 2018–19. Watoto wa chini ya miaka mitano waliokutwa na vimelea kwa hadubini walishuka kutoka asilimia 42 hadi 19, kisha 9. Ni kazi kubwa, wala sitaki kuibeza. Lakini wanawake wanaohojiwa ni wa miaka 15 hadi 49. Hajati wangu asingefikiwa.

Rafiki yangu Mganda ndiye aliyenizindua. Kwa Kiganda, alisema, "omusujja" ni homa yoyote. Ukitaka malaria useme "omusujja gw'ensiri", homa ya mbu. Nilirudi kwa hajati.

"Hajati, na malaria je?"

"Aa, mjukuu wangu, sasa unauliza ile ya mbu. Si ungesema tangu mwanzo?"

Akanionyesha chandarua kilichofungwa juu ya kitanda cha wajukuu. Yeye mwenyewe hakitumii, eti joto. (Hilo nalo dodoso langu halikuuliza.) Na yale mahindi mabichi huja na mvua, na mvua huja na mbu. Maelezo ya Burton kuhusu majira, ambayo kwa Wasomali yalikuwa makosa, kwa jibu la kwanza la hajati yanafaa kabisa. Tofauti yao ni kwamba yeye alijua na habari ya mbu pia.

Nilifuta alama yangu, nikaandika pembeni majibu yake yote mawili. Nilipofika kwenye jedwali la mwisho, hapakuwa na safu ya kuyaingiza, kwa hiyo yamebaki kwenye karatasi ile.