Mto Tana na Karatasi Yake

Mwaka 1946 Uingereza iliunda idara ya kupima ardhi ya makoloni yake. Ndege zilipita juu zikapiga picha, na kutokana na picha hizo zikachorwa ramani za kipimo cha 1:50,000, ambamo sentimita 2 za karatasi husimama badala ya kilomita 1 ya nchi. Maji yalitiwa buluu, miinuko ikatiwa mistari ya kahawia. Delta ya Tana, baina ya Lamu na Malindi, nayo imo katika ramani za aina hiyo.

Mimi ni mfasiri, na ramani huisoma kama nisomavyo tafsiri: huuliza ni kipi kilichoachwa nyuma. Mstari wa buluu unaingia baharini Kipini, umetulia kana kwamba ndiko ulikoumbiwa. Kumbe mlango wa Kipini ulikuwa wa mto Ozi. Tana ulikuwa na mlango wake kusini zaidi, katika ghuba ya Ungwana. Katika karne ya 19 watu walichimba mfereji wa Belezoni kuiunganisha mito hiyo miwili, mitumbwi ipate kufika Kau na Kipini pasi na kutoka baharini. Mto ukaifuata njia ile, ukaipanua, hata wingi wa maji ukahamia huko. Karatasi haikulitaja jembe.

Wala jambo hili si la barazani tu. Mpunga wa Mpokomo hungoja mafuriko. Ng'ombe wa Morma hutelemkia mabonde yale yale wakati wa kiangazi. Ramani huandika kinamasi, basi. Atakaye ardhi, akilisoma neno hilo, huona mahali pasipo mwenyewe. Mwaka 2012 na mwanzoni mwa 2013 waliuawa watu zaidi ya 100 katika delta hiyo, na ugomvi wa ardhi na maji ulikuwa miongoni mwa mizizi ya maafa hayo.

Sisemi ramani itupwe. Imetuhifadhia sura ya mto wa siku zile. Bali kando yake iandikwe nyingine, itokayo vinywani mwa wenyeji: majina ya makonde, vivuko na njia za ng'ombe, kila kimoja na msimu wake. Jina la Ozi lilikwisha kubebwa na masimulizi ya Fumo Liyongo zamani sana, kabla ya ndege kuruka. Tusiyaache mengine yapotee kwa kukosa mwandishi.