Usukani wa Pawa na Taa Yake ya Onyo
Mwaka 1926 mhandisi wa Marekani, Francis Davis, alionyesha gari ambalo usukani wake ulisaidiwa na msukumo wa mafuta, lakini magari ya abiria yenye mfumo huo yalianza kuuzwa na Chrysler mwaka 1951. Kwa miongo mingi fundi aliitambua hitilafu kwa masikio na mikono: pampu ikilia, mkanda ukilegea, mafuta yakivuja. Mwaka 1988 Suzuki iliweka mota ya umeme ya kusaidia usukani katika gari lake la Cervo, na hapo ufundi ukabadilika kweli. Mfumo wa umeme hujipima wenyewe, huwasha taa kwenye dashibodi na kuhifadhi namba ya hitilafu inayosomwa kwa mashine. Hata betri iliyochoka huweza kuiwasha taa hiyo. Ndiyo maana fundi makini hupima volti kabla ya kuigusa mota.